Aliyejibu Maswali ya Darasa Lisilo Lake

Mwalimu mkuu aliponipigia simu niende shuleni, nilijua ni ile kesi ya kutosalimia. Binti yangu alikuwa na miaka minane, yuko darasa la pili, na mtaani kwetu hapa Handeni alikuwa na doa moja tu, lakini doa lenyewe kubwa: haamkii watu. Mzee anapita upande wa pili wa barabara, watoto wenzake wote wanamwamkia shikamoo kwa mpigo, wa kwangu anamwangalia kama anaangalia ukuta. Nilimfinya masikio mpaka vidole vyangu vikachoka. Siku moja nilimshika mkono nikamrudisha kwa bibi mmoja muuza maandazi akaombe radhi, na bibi yule, badala ya kupokea radhi yaishe, akasema mbele ya wateja wake kwamba mafundi wa siku hizi wanawashonea watoto wa wenzao, wa kwao wanawaacha uchi wa adabu.

Fundi aliyekuwa anasemwa ni mimi. Nina kibanda cha cherehani karibu na soko, nashona sare za shule, na shule zikikaribia kufunguliwa sipati hata nafasi ya kujikuna. Kwa hiyo nilipoitwa siku ya kazi, nikiwa nimeacha sketi ishirini mezani hazijatiwa upindo, nilifika pale nimeshavimba.

Mwalimu mkuu hakuzungumzia salamu hata kidogo. Alinikaribisha kiti, akafunga mlango, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Mama, mtoto wako ana kipaji," akasema.

Nikamwuliza kipaji cha nini. Akasema cha akili. Nikamwuliza kama ana uhakika hajamchanganya na mtoto mwingine, kwa sababu huyu wangu muhula uliopita alikuwa wa arobaini na tatu, na mwalimu wa darasa aliniandikia kwa kalamu nyekundu kwamba aongeze bidii. Mwalimu mkuu akatabasamu, lile tabasamu la mtu anayejua jambo wewe hulijui, na kuanzia pale hasira yangu ilipata makazi ya kudumu.

Hapa inabidi nieleze chumba chenyewe, maana bila chumba kile mambo haya yasingetokea. Shule yetu ina upungufu wa madarasa. Kuna jengo wazazi tulilobebea mawe na maji, likafika kwenye lenta likasimama, na mpaka naandika haya wanaolala humo ni mbuzi. Wakati tunasubiri, darasa la pili na la nne wanatumia chumba kimoja. Ni kirefu, kina ubao kila mwisho. La pili wanatazama ubao wa upande wa barabara, la nne wanatazama ubao wa upande wa shamba la shule, na pale katikati safu za mwisho za madarasa hayo mawili zinapeana migongo, madawati karibu kugusana. Walimu wawili wanafundisha kwa wakati mmoja. Wa la pili ni binti mgeni kazini, ana sauti ya kubembelezea mtoto mchanga. Wa la nne ni mwanamume wa makamo mwenye kifua, na kwa kuwa darasa lake lina mtihani wa taifa mwisho wa mwaka, anafundisha kama mtu anayeita majirani kwenye moto.

Binti yangu alikaa safu ya mwisho ya darasa la pili. Siku moja mwalimu wa la nne aliuliza mzingo wa mstatili unapatikanaje, darasa lake likanyamaza, na kutoka nyuma ya migongo ya wanafunzi wake kikaja kisauti: urefu jumlisha upana, halafu mara mbili. Mwalimu alidhani ni bahati. Kesho yake akauliza kazi za mizizi, kisauti kikazitaja. Akauliza robo ya nusu. Akauliza mikoa inayopakana na Tanga. Mwisho akamshika mkono akampeleka ofisini, mwalimu mkuu akakaa na mtihani wote wa darasa la nne, akamsomea swali moja baada ya jingine, mtoto amesimama, anajibu. Alikosa mawili. Kisha akapewa kitabu asome. Alikisoma bila kukwama, amekisogeza usoni kabisa, na mwalimu mkuu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kuona mtoto anayependa kitabu kiasi cha kukikumbatia.

Nikauliza tena habari ya arobaini na tatu. Akasema ndivyo vipaji vilivyo; kazi ya darasa la pili inamchosha, haimpi changamoto. Na ile kuinamisha kichwa upande mmoja mwalimu akifundisha ni kutafakari. Nami, kwa ujinga wangu, nikachangia: nikasema hata haamkii watu. Akapiga meza kwa kiganja. Akasema unaona, akili yake iko mbali.

Ndipo akanitolea barua. Shule moja ya bweni huko Korogwe ilikuwa imefungua darasa la vipaji. Wanachuja watoto kutoka vijijini na mijini, wanawasomesha kwa kasi yao, gharama zote ziko juu ya wafadhili. Binti yangu angerushwa moja kwa moja darasa la nne. Angelala huko, angerudi likizo. Mwalimu mkuu alishaandika jina lake na kulipeleka, mimi niliitwa kuja kushukuru.

Nikasema nitafikiria. Akaniangalia kwa masikitiko, kama vile kipaji cha mtoto hakikutoka kwangu.

Nilitaka kufikiria kweli, lakini Handeni haikunipa nafasi. Nilipofika kibandani habari zilikuwa zimeshanitangulia. Mteja wa kwanza aliuliza suruali ya mwanawe, wa pili akauliza profesa yuko wapi. Baada ya wiki moja jina lake halisi lilikuwa limesahaulika. Watu walikuwa wanaleta nguo ambazo hazijachanika ili wapate kukaa kwenye benchi langu na kumpima. Mia na ishirini gawanya kwa nane. Makao makuu ya wilaya ya Lushoto. Mwendesha bodaboda mmoja alimwuliza nani aliumba mbingu, ili aone kama atasema dini ya baba au ya mama, maana mimi ni Muislamu na mume wangu ni Mkristo, na wapo watu ambao jambo hilo linawanyima usingizi kuliko linavyotunyima sisi. Mtoto alijibu hesabu mbili tatu za kwanza kwa sababu alifundishwa kujibu wakubwa. Kisha akaanza kujificha chini ya meza yangu ya kukatia, kwenye vipande vya vitambaa, na wateja wakasema wenye vipaji hupenda upweke. Hakukuwa na kitu mtoto yule angeweza kufanya ambacho kisingekuwa ushahidi.

Bibi wa maandazi naye alimsamehe. Alisema kumbe hakuwa na dharau, alikuwa anawaza. Nilinunua maandazi yake siku hiyo na sikuyala.

Mume wangu anafanya kazi kwenye chai huko Dindira na hushuka mwisho wa mwezi. Kunipigia simu lazima asimame kwenye kona moja ya njia ambako mtandao unashika, kwa hiyo mazungumzo yetu mazito huwa yanakatika kila gari linapopita naye akisogea pembeni. Nilimweleza yote. Akasema aende, tena aende hata kesho. Nikamwambia ana miaka minane. Akasema yeye alichunga mbuzi peke yake akiwa na sita. Nikamwuliza anafananisha nini na nini, simu ikakatika, na mpaka leo sijui kama ni mtandao.

Kaka yangu mkubwa yeye alikataa. Kwetu Wazigua mjomba ana neno lake juu ya watoto wa dada, na kaka yangu neno hilo analitunza vizuri, analitoa panapo watu. Alikuja na kanzu yake, akakaa, akasema mtoto wa kike haendi kulala ugenini kabla hajajua hata kujifulia. Nikashukuru moyoni, japo sikupenda sababu. Wiki mbili baadaye akarudi. Huko sokoni kuna mtu amempongeza kwa kuwa mjomba wa yule mtoto wa ajabu. Sasa akasema ukoo hauwezi kuzuia neema. Jioni hiyohiyo mume wangu akapiga kutoka konani kwake: alikuwa amepanda Bungu kwa mama yake, mama amelia, amesema mjukuu atapelekwa kwa watu wasiojulikana wakati yeye hajafa. Kwa hiyo asiende. Walikuwa wamebadilishana misimamo kama watu waliotoka msikitini na viatu vya wenzao, na kila mmoja alinishangaa mimi kwa kutokuwa na msimamo.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nao, na ulikuwa miwili. Mchana nilikuwa nasema haendi. Lakini siku moja nilipata kitambaa cha damu ya mzee, rangi ya sare ya shule ile ya Korogwe, nikakitandika mezani na kumkatia sketi bila kumwambia mtu, upindo mpana wa kutosha kuongezwa akikua. Nilijitetea kwamba ni kitambaa kizuri tu. Nilikuwa nimemaliza la saba nikapelekwa kwenye cherehani ya shangazi kwa sababu hakuna aliyefikiria kitu kingine, na hapa kuna mtu amefika na barua yenye mhuri anasema mtoto wangu ana kitu. Nilitaka iwe kweli. Nilichokuwa nakichukia ni namna walivyokuwa wanaisema, kama vile mpaka jana nilikuwa nafuga kuku bila kujua kwamba ni tausi.

Mtoto mwenyewe hakuulizwa. Wala na mimi sikumwuliza. Alikuwa anakaa karibu yangu jioni, ananitungia uzi kwenye sindano. Sindano ndogo kabisa, ile ambayo mimi huitafuta tundu lake mpaka nikatukana, yeye anaisogeza puani, mara moja uzi umepita. Nilikuwa najisifia kwa watu kwamba macho ya mtoto huyu ni makali kuliko ya mwewe.

Siku waliyowaita watoto kwa usaili ilifika tukiwa hatujaamua kitu, lakini tulikwenda Korogwe asubuhi mimi na yeye, tukaone tu. Shule ile ni safi, ina maua yaliyopangwa kwa chupa zilizofukiwa vichwa chini, na mwalimu aliyetupokea alikuwa mama mpole mwenye daftari kubwa. Alimwita binti yangu kwanza kwa maswali ya mdomo. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia anajibu. Alijibu kila kitu, hata jambo la mmeng'enyo wa chakula ambalo mimi sikujua linahusu nini. Mwalimu alitoka ananiangalia kwa heshima mpya. Akasema bado sehemu ya maandishi, ni fupi.

Watoto wanane waliingizwa darasani, kila mmoja na dawati lake, mbalimbali. Sisi wazazi tulisimama nje madirishani tukijifanya hatuchungulii. Mwalimu akaandika maswali kumi ubaoni kwa mwandiko mzuri mkubwa, hakusema neno, akakaa. Watoto saba wakainama. Wangu akakaa wima na penseli mkononi, kichwa ameinamisha upande mmoja, kama kawaida yake. Akasubiri. Akawageukia wenzake, wako mbali. Akasubiri tena. Mzazi mmoja pembeni yangu akaninong'oneza kwamba labda anapanga majibu yote kichwani kwanza. Nilitamani kumziba mdomo kwa kitambaa.

Karatasi yake ilikusanywa ikiwa na jina na tarehe. Yule mwalimu mpole alinivuta pembeni, na upole ulikuwa umepungua. Alisema mambo haya wanayajua, shule nyingine huwakaririsha watoto majibu ya mdomo ili zijipatie sifa, halafu wakiwekwa mbele ya kazi wanabaki wanatoa macho. Hakunilaumu mimi. Alisema wazazi huwa hawajui. Hilo la kutojua lilinichoma kuliko lawama.

Nilimtoa mtoto hadi nyuma ya jengo, kwenye matangi ya maji, nikiwa nimekasirika. Nilimkasirikia mwalimu mkuu, mwalimu huyu, baba yake kule konani, mjomba na kanzu yake. Lakini aliyekuwa mbele yangu ni yeye. Nikamwuliza kwa nini hakuandika.

"Mwalimu hakusema kitu, mama. Alikuwa anachorachora tu."

"Alikuwa anaandika maswali ubaoni. Hukuyaona?"

Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Kwani watu huwa wanayaona?"

Sikumwelewa mara moja. Nikamwonyesha ukuta wa jengo la pili, ulioandikwa kwa rangi nyeupe maneno makubwa kama mlango, nikamwambia asome. Akauliza nisome wapi. Nikamsogeza hatua kumi. Nikamsogeza tena. Tulipofika karibu ya kuugusa ukuta, akasoma bila kukwama, akafurahi, akasema kumbe kuna maneno.

Alinieleza palepale, bila wasiwasi, namna shule inavyokwenda. Mwalimu ana chaki, anachora weupe ubaoni, hiyo ni kazi ya mwalimu. Kazi ya mwanafunzi ni kusikiliza na kumwangalizia jirani anaandika nini. Jirani yake alikuwa mtoto wa muuza mkaa, mvivu wa kupindukia, na makosa yote ya binti yangu kwa miaka miwili yalikuwa ya mtoto huyo. Mwalimu wa la pili anaongea taratibu, hasikiki nyuma. Wa la nne anasikika. Basi akamsikiliza yule anayesikika. Hakujua kwamba amesikiliza darasa lisilo lake, alidhani mafunzo ni ya chumba kizima.

Nikakaa chini kwenye saruji ya tangi. Wazee wote wale ng'ambo ya barabara walikuwa wameanza kupita kichwani mwangu mmoja mmoja, na masikio niliyoyafinya kwa ajili ya kila mmoja. Hakuwa anawaza, na dharau hakuwa nayo. Hakuwaona. Na mimi niliyekuwa najisifia sindano sikuwahi kujiuliza kwa nini mtoto mwenye macho makali anaipeleka mpaka puani.

Hatukurudi Handeni mchana huo. Nilimpeleka hospitali palepale Korogwe, kitengo cha macho, na mtaalamu akamsimamisha mbele ya ile chati ya herufi zinazogeukia huku na huku, aonyeshe kwa mkono zinaelekea wapi. Ile ya juu kabisa aliikisia. Nyingine aliuliza ziko wapi. Mtaalamu akaandika, akamwekea vioo, akaandika tena, kisha akaniuliza mtoto huyu alikuwa anasomaje. Nikamwambia yuko kwenye mpango wa vipaji maalumu. Hakucheka, na nilimshukuru kwa hilo.

Miwani ilichukua wiki mbili. Katika wiki hizo mbili nilijifunza kwamba watu wanaweza kukasirika kwa sababu mtoto haoni. Mwalimu mkuu aliposikia, akasema sasa haijulikani. Labda si kipaji, labda ni kusikia tu. Nikamwuliza tofauti ni nini. Mtoto wa la pili ameyashika masomo ya la nne kwa mgongo, akiwa haoni ubao, na ofisini alikosa mawili. Akasema kipaji kinatakiwa kisiwe na maelezo. Sokoni jina la profesa likafa ndani ya siku tatu. Walioleta suruali nzima kushonwa hawakuja tena, na bibi wa maandazi akasema masikini, kwa sauti ambayo ilinifanya nitamani lile neno la dharau lirudi.

Kisha, kama vile ilipangwa kunimaliza, shule ya Korogwe ikaandika. Nilikuwa nimempigia yule mwalimu mpole na kumweleza, sikuomba kitu, nilitaka tu ajue kwamba hakuna aliyemkaririsha mtoto wangu. Barua ikasema wamemfikiria upya. Majibu yake ya mdomo yalikuwa bora kuliko ya wote. Nafasi yake ipo, aje na miwani yake, nijibu ndani ya wiki moja.

Kwa hiyo tukarudi palepale, safari hii bila kisingizio. Jumamosi mume wangu alishuka kutoka Dindira, kaka yangu akaja, tukakaa sebuleni kwangu kumaliza jambo hili. Mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango na miwani yake, siku ya nne tangu aipate. Hakuna aliyemwambia atoke, hakuna aliyemwambia abaki.

Mume wangu alisema sasa anaona aende, kwa sababu huko kuna madarasa mazuri na mtoto mwenye macho mabovu asibaki kwenye chumba cha kupeana migongo. Kaka akasema sasa ndiyo asiende kabisa, nani atamwangalia na miwani ile, atavunjiwa siku ya kwanza. Mume wangu akauliza kwani hapa haivunjwi. Kaka akasema hapa ana ndugu. Mume wangu akasema ndugu waliomwita mwenye dharau miaka miwili. Hapo kaka akanigeukia mimi, akasema mama mtu anasemaje, na bila kungoja akajijibu kwamba mama mtu toka mwanzo hajulikani anataka nini.

Ndipo nikasema. Nilisema mengi na sitayarudia yote. Nilisema nimechoka na watu wanaomtaka akiwa wa ajabu na kumwacha akiwa wa kawaida. Nilisema miezi yote hii tumebishana atalala wapi, hakuna aliyegundua kwamba haoni nyuso zetu tukiwa mlangoni. Nilisema nao wote wawili, nikawasema na walimu wasiokuwepo, nikamsema na mama mkwe aliyeko Bungu, na sauti yangu ilifika kwa majirani nisijali. Nilipomaliza nilikuwa nimesimama katikati ya chumba na sikumbuki niliinuka saa ngapi.

Kutoka kwenye mkeka mtoto akasema, taratibu tu, kama mtu anayetoa taarifa:

"Mama, kumbe huwa unakunja uso hivyo."

Aliisogeza miwani juu ya pua kwa kidole, akaniangalia vizuri zaidi, uso mzima, kutoka ng'ambo ya chumba. Miaka minane alikuwa ananijua kwa karibu, ninapomvalisha, ninapomlaza, ninapoinama kupokea sindano. Uso wangu wa mbali, ule wa juu ya cherehani, ule wa kwenye simu na baba yake, ule nilioubeba shuleni na sokoni na Korogwe, alikuwa hajawahi kuuona.

"Nilijua sauti tu," akasema. Kisha akauliza lile alilokuwa nalo, nadhani, tangu siku ya matangi ya maji. "Nikienda Korogwe, utaacha kunikasirikia?"

Kaka yangu akaangalia sakafu. Nilitaka kumwambia sijakukasirikia hata siku moja, niliwakasirikia wengine wote, wewe ulikuwa karibu tu. Ilikuwa kweli, na ilikuwa haimsaidii kitu, kwa sababu alichokiona ndicho alichokiona, na alikuwa tayari kwenda kulala kwa watu asiowajua, akiwa na miaka minane, ili uso huu uondoke.

Nikawaambia haendi. Nikasema akimaliza la saba kuna shule za vipaji za serikali, wakati huo atakuwa anaona na atakuwa anajua kusema anachotaka, na tutamwuliza yeye kwanza. Jumatatu naandika barua ya kushukuru Korogwe, na nikitoka hapo nakwenda shuleni kumwomba yule binti wa la pili amkalishe dawati la mbele. Kaka akasema kama ni hivyo basi ni hivyo, akaomba chai.

Nikaenda nikakaa kwenye mkeka, lakini alinisukuma kidogo kwa mkono, nirudi nyuma. Alitaka nikae mbali kiasi cha kuonekana. Nikasogea hadi ukutani. Akaendelea kunitazama bila kusema, anasubiri uso ubadilike, nami nikajaribu mbele ya mume wangu na kaka yangu, na ilichukua muda.